KIJANA, YESU HAOGOPI SWALI LAKO!



Karatasi hii umepewa bure. Labda umeipokea stendi ukisubiri gari, labda rafiki yako kakutilia mfukoni, labda umeiokota tu karibu na uwanja wa mkutano ukasema, "Hebu nione hawa walokole leo wana jipya gani." Sawa! Umefanya vizuri. Nakuomba kitu kimoja tu: isome mpaka mwisho. Haitakula muda wako kuliko mchezo mmoja wa drafti.

Tunayajua maneno ya kijiweni. Mhubiri akipita na spika zake, mazungumzo huwa moto. Mmoja anasema, "Hiyo dini ya Wazungu bwana." Mwingine anadakia, "Biblia yenyewe imechezewa." Aliyesoma kidogo anasema sayansi imeshamaliza habari za Mungu. Wa nne anacheka: "Mchungaji ana gari, waumini wana ndala!" Na yule wa pembeni, aliyekaa kimya muda wote, anauliza polepole: "Kama huyo Mungu yupo, mbona mama yangu alikufa?"

Kijana, hayo ni maswali ya kweli. Hatukuja kukuambia unyamaze. Tumekuja kukujibu.

PETRO NA SIKIO LA MALKO

Pengine uliwahi kumwuliza Mkristo maswali hayo akakukaripia: "Una pepo la ubishi wewe!" Au alikutisha na moto wa jehanamu kabla hujamaliza kusema. Au ulikwenda kusikiliza mdahalo wa dini, ukakuta watu wanatukaniana vitabu na manabii. Ukaondoka na swali lako lile lile, na uchungu mpya juu yake.

Sasa sikia habari ya Petro. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alichomoa upanga akamkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu, jina lake Malko (Yohana 18:10). Alidhani anamtetea Bwana. Yesu alifanya nini? Alimkataza Petro, kisha akaligusa sikio la yule mtu akamponya (Luka 22:51). Hebu fikiri kidogo. Mtu uliyemkata sikio, atakusikia kwa sikio lipi?

Miaka ikapita. Petro huyo huyo, amekwisha kujazwa Roho Mtakatifu, anawaandikia Wakristo wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu anayewauliza sababu ya tumaini lao. Lakini anawawekea sharti: wajibu kwa upole na kwa heshima (1 Petro 3:15). Mwenye upanga kajifunza! Basi Mkristo anayekutukana kwa sababu umeuliza, huyo bado anatembea na upanga wa Petro. Neno la Petro bado halijamwingia.

Na kama umelelewa katika nyumba ya Kiislamu, au nyumba inayoshika mila za mababu, elewa hili: hatukuiti kwa Yesu kwa kuwatukana baba yako na mama yako. Amri ya kuwaheshimu wazazi imo katika Biblia yetu. Tunatofautiana, na tofauti zenyewe si ndogo, hatutazificha. Ila kutofautiana ni jambo moja, na kutukanana ni jambo lingine.

Haya, tuyachukue maswali moja moja.

1. "YESU NI WA WAZUNGU"

Yesu alizaliwa Bethlehemu, katika nchi ya Wayahudi. Hakuna Injili inayosema alitia mguu Ulaya. Zile picha za nywele za dhahabu na macho ya bluu zilichorwa na watu wa Ulaya, nao walimchora afanane na wao. Picha sio Yesu!

Alipokuwa mtoto mchanga, Herode akamtafuta amwue. Alikimbiliziwa wapi? Afrika! Misri (Mathayo 2:13-15). Aliyelazimishwa kumbebea msalaba, Simoni, alikuwa mtu wa Kirene, nchi ambayo leo ni Libya. Na kabla mtume Paulo hajavuka bahari kupeleka Injili Makedonia katika Matendo 16, tayari katika Matendo 8 mtu wa Kushi, towashi, ameshabatizwa njiani akaenda zake kwao akifurahi.

Katika karne ya 4, mfalme Ezana wa Aksum, huko Ethiopia, alimpokea Kristo, akatia alama ya msalaba kwenye sarafu zake. Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ulikuja lini? 1884 hadi 1885. Wakati huo Ukristo ulikuwa umekaa Ethiopia miaka ipatayo 1,500!

Utasema, "Lakini Wazungu walitumia Biblia kututawala na kutuuza." Ni kweli, wapo waliofanya hivyo. Walikwenda kanisani Jumapili, Jumatatu wakanunua watu. Tusifiche. Lakini angalia pia nani alisimama kuwapinga. Olaudah Equiano alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani. Alinunua uhuru wake mwaka 1766, akawa Mkristo, na mwaka 1789 akachapisha kitabu cha maisha yake ili kuipiga vita biashara ya watumwa. Hakumtupa Yesu kwa sababu ya wale waliomtumia vibaya. Aliwashtaki kwa jina la Yesu huyo huyo! Nenda Zanzibar, Mkunazini: mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, pamejengwa kanisa kuu la Anglikana.

Na sio wote waliokuja na bunduki. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Angeweza kupanda meli akarudi kwao. Alibaki, akaendelea kujifunza Kiswahili na kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo.

Penisilini iligunduliwa London mwaka 1928. Ukiugua nimonia huulizi dawa hii ni ya kabila gani, unauliza kama inaponya. Basi muulize Yesu swali hilo hilo.

2. "BIBLIA IMECHEZEWA"

Swali zuri. Kitu cha zamani lazima kichunguzwe. Na kimechunguzwa!

Mwaka 1947, wachunga mifugo karibu na Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Qumran, waliingia pangoni wakakuta mitungi yenye magombo ya kale. Moja lilikuwa Kitabu chote cha nabii Isaya. Gombo hilo liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, na lilikuwa kongwe kwa miaka ipatayo 1,000 kuliko nakala za Kiebrania za Isaya zilizojulikana kabla ya hapo. Wataalamu wakalilinganisha na zile nakala. Kama kuna kitu kilichezewa, hapo ndipo kingefichuka. Wakakuta nini? Tofauti zipo, nyingi zikiwa za tahajia na maneno madogo madogo. Lakini ni Isaya yule yule, ujumbe ule ule.

Agano Jipya nalo linazo nakala za mkono za Kigiriki zaidi ya 5,000. Je, zinafanana kila herufi? Hapana, kwa maana ziliandikwa na mikono ya watu. Lakini Wakristo hawafichi. Chukua Biblia nyingi za leo, utaona zinakuonyesha wazi kwamba mwisho wa Marko 16 na mwanzo wa Yohana 8 haumo katika baadhi ya nakala za kale. Anayetaka kukudanganya hakuonyeshi mahali pa kumkagua.

Na ukisema Yesu ni hadithi tu, muulize Tacitus. Huyu alikuwa mwandishi wa historia wa Kirumi, na Wakristo hakuwapenda hata kidogo. Lakini mwanzoni mwa karne ya 2 aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato. Hata asiyempenda alijua kwamba aliishi na kwamba aliuawa.

3. "SAYANSI IMEMALIZA HABARI ZA MUNGU"

Kama umesoma Bayolojia sekondari unamkumbuka Mendel, yule wa njegere, njegere ndefu na njegere fupi. Gregor Mendel alikuwa mtawa! Uchunguzi ule aliufanya katika bustani ya monasteri, akauchapisha mwaka 1866. Na wazo la kwamba ulimwengu unapanuka na una mwanzo, mmoja wa waliolileta ni Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, mwaka 1927 na 1931. Francis Collins aliongoza mradi wa kimataifa wa kusoma chembe za urithi za mwanadamu, uliokamilika mwaka 2003. Huyu alipokuwa kijana hakuamini kuna Mungu. Siku moja, akiwa anajifunza udaktari, mama mmoja mgonjwa, mtu mzima, alimsimulia imani yake kisha akamuuliza: wewe daktari unaamini nini? Akakosa jibu. Swali lile la upole likamfanya atafute, na akampata Kristo.

"Sasa habari za nyani je?" Kwanza tuwatendee haki wanasayansi. Hawasemi kwamba babu yako alikuwa nyani wa Mikumi. Wanasema binadamu na nyani wa leo wana asili moja ya zamani sana. Wakristo nao hawazisomi siku sita za Mwanzo kwa namna moja, na majadiliano hayo yapo tangu siku za Augustino. Lakini wote wanakubaliana kwamba wewe hukutokea bure. Kuna aliyekutaka.

Chukua barua aliyokuandikia mama yako ulipokuwa bweni. Mpe mkemia. Atakuambia wino umetengenezwa na nini na karatasi ina uzito gani, na yote atakayosema ni kweli. Lakini hatajua kwamba mama anakupenda mpaka aisome barua. Sayansi inapima wino. Biblia inasoma barua.

4. "WACHUNGAJI WENYEWE NI MATAPELI"

Hapa, kijana, hatutabishana na wewe sana.

Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto. Wapelelezi walieleza kwamba waumini walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Na Rwanda, Aprili 1994, maelfu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyange, wakiamini hapo watapona. Waliuawa humo humo. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mchungaji mmoja mwaka 2003 kwa kuhusika na mauaji hayo. Na mwaka 2008, katika rufani, ilimpa kifungo cha maisha padri mmoja kwa sababu ya kanisa lililobomolewa kwa tingatinga, watu wakiwa ndani.

Ukisema, "Sitaki Mungu wa watu hao," hata sisi hatumtaki Mungu wa namna hiyo! Lakini Yesu je, unamwona upande gani? Yeye alionya kwamba watakuja mbwa mwitu wamevaa ngozi ya kondoo (Mathayo 7:15). Alisema wengi watamwita Bwana, watataja unabii na miujiza waliyofanya kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mathayo 7:22-23). Soma Mathayo 23 nzima uone alivyowaambia viongozi wa dini wanaowatwika watu mizigo. Hakuna kijiwe kilichowahi kuwasema viongozi wa dini wabaya kama Yesu alivyowasema. Hasira yako juu yao, yeye anaijua.

Mtu hawezi kukutapeli kwa noti bandia ya shilingi 3,000. Kwa nini? Kwa sababu noti halali ya 3,000 haipo. Bandia hufuata halali. Kwa hiyo ukiona bandia, usichome pesa zako zote moto. Tafuta halali!

Halali ipo. Rwanda hiyo hiyo, mwezi ule ule wa Aprili 1994, huko Gisenyi, alikuwako mama mmoja Mkatoliki, Félicité Niyitegeka, aliyejitoa kumtumikia Mungu. Yeye alikuwa Mhutu, na aliwaficha Watutsi na kuwavusha mpaka wafike Kongo. Ndugu yake, mwanajeshi, alitaka kumwokoa peke yake, mradi awaache wale watu. Alikataa. Akauawa pamoja nao. Wauaji walijiita Wakristo, na yeye aliitwa Mkristo. Kati yao, nani alifanana na Yesu? Jibu unalo mwenyewe.

Basi chukua kipimo hiki, kitakusaidia maisha yako yote. Mhubiri akikuambia utupe dawa za hospitali, mkimbie. Akikutaka mwili wako usiku kwa jina la maombezi, mkimbie na uwaambie watu. Akikudai pesa ndipo akuombee, mkimbie. Wokovu ni bure. Aliyeulipia ni Yesu.

5. "MBONA MAMA YANGU ALIKUFA?"

Sasa tunakuja kwako wewe uliyekaa pembeni kimya.

Wengine watakuambia mama hakuwa na imani ya kutosha. Wengine watasema kulikuwa na dhambi ya siri nyumbani. Ayubu naye aliambiwa hivyo na rafiki zake. Walizungumza sana, wakimtetea Mungu. Mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia nani? Wale rafiki! Ayubu, aliyelia na kuuliza na kulalamika, Mungu akasema ndiye aliyenena yaliyo sawa (Ayubu 42:7).

Hata Yesu aliletewa habari za misiba. Huko Siloamu mnara ulianguka ukaua watu 18. Yesu akawauliza watu, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: hapana (Luka 13:4-5). Kisha akawaambia wao walio hai watubu, kwa sababu hakuna ajuaye siku yake. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa maji. Je, walikuwa wenye dhambi kuliko sisi tuliobaki nchi kavu? Hapana! Anayewasingizia marehemu hajamsoma Yesu.

Sisi tunaamini Mungu anaponya. Tunawawekea wagonjwa mikono na wapo wanaoinuka. Lakini Biblia ile ile inatuambia Paulo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Timotheo alikuwa na tumbo lililomsumbua mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Hawa walikuwa watu wa imani. Kwa hiyo usibebe mzigo wa kwamba mama alikufa kwa sababu hukuomba vizuri. Utue leo!

Kwa nini yeye, na kwa nini siku ile? Hatuna jibu la kukupa, na hatutakutungia. Lakini tunaweza kukuonyesha Mungu tunayemhubiri alifanya nini msibani. Penye kaburi la Lazaro, Yesu alijua kabisa kwamba baada ya dakika chache atamfufua. Angeweza kuwaambia wale dada wafute machozi. Hakusema hivyo. Alilia (Yohana 11:35). Na siku alipotundikwa msalabani, yeye mwenyewe alipaza sauti akamuuliza Mungu kwa nini amemwacha (Mathayo 27:46). Umesikia? Hilo "kwa nini" lako limewahi kutoka kinywani mwa Yesu. Hukulileta wewe duniani. Alilichukua, akafa nalo, na siku ya tatu akafufuka!

TOMASO NA SIKU NANE

Unamjua Tomaso? Wenzake walimwambia wamemwona Bwana akiwa hai. Akasema yeye hadanganyiki: asipoona alama za misumari na kuzigusa, haamini ng'o.

Wenzake wangeweza kumfukuza. Hawakumfukuza. Biblia inasema baada ya siku nane walikuwa pamoja tena, na Tomaso alikuwepo (Yohana 20:26). Alikaa nao na swali lake siku nane nzima. Kisha Yesu akaja, milango ikiwa imefungwa. Hakumkaripia kwa kuuliza, wala hakumtukana. Alimpa kile kile alichotaka. Alimwonyesha mikono yake na ubavu wake, akamwambia aguse, na aache kutokuamini.

Angalia Yesu alimjibu Tomaso kwa kitu gani. Kwa majeraha! Huyo ndiye Mungu tunayemtangaza uwanjani. Kwa waliouzwa sokoni, kwa waliouawa makanisani, kwa kijana aliyezika mama yake, Yesu anakuja na mikono iliyotobolewa. Miungu ya watu wakubwa huonyesha nguvu. Huyu kwanza alionyesha makovu. Na Tomaso, mbishi wetu, ndiye aliyemwita Bwana wake na Mungu wake.

SASA NI ZAMU YAKE

Kijana, umeuliza, nasi tumejibu kadiri tulivyojaliwa. Lakini mazungumzo ya haki ni ya watu wawili. Yesu naye ana swali. Aliwauliza wanafunzi wake watu wanamwona kuwa nani, wakamtajia maoni ya watu. Kisha akawageukia wao wenyewe: na ninyi je? (Mathayo 16:13-15.)

Hakuulizi kuhusu Wazungu. Hakuulizi kuhusu mchungaji wa mtaani kwenu. Hao kila mmoja atajibu la kwake. Anakuuliza wewe. Maana, tuseme ukweli, kuna wakati maswali huwa mlango wa kuingilia, na kuna wakati huwa ukuta wa kujifichia. Unajijua. Kuna mambo unayoyafanya gizani ambayo hayana uhusiano wowote na Mkutano wa Berlin! Kuna usiku unarudi nyumbani, kelele za kijiwe zimeisha, ukilala unasikia utupu. Utupu huo pombe haiutoshi, msichana hautoshi, mvulana hautoshi, pesa haiutoshi. Biblia inauita dhambi, kuwa mbali na Mungu aliyekuumba, na mshahara wake ni mauti (Warumi 6:23). Yesu alikufa kwa ajili ya hiyo. Anakuita urudi.

Kama moyo wako uko tayari leo, sema naye kwa maneno haya, kwa kumaanisha:

Bwana Yesu, nimekuja kwako nilivyo. Nina dhambi, na nina maswali. Dhambi zangu naziungama, unisamehe na kunisafisha kwa damu yako. Maswali yangu nayaweka mikononi mwako, ile mikono yenye makovu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa maisha yangu. Nijaze Roho wako Mtakatifu, nipate nguvu ya kuishi maisha mapya. Amina.

Kama umeomba hivyo kwa moyo, umeokoka! Mbinguni kuna furaha kwa ajili yako. Mwambie aliyekupa karatasi hii, au fika pale mkutanoni uombewe, na utafute kanisa linalohubiri Neno la Mungu kwa kweli, mahali ambapo unaruhusiwa kuuliza.

Na kama hujawa tayari? Hatutakufukuza. Fanya kama Tomaso: kaa nasi siku nane. Chukua Injili ya Marko, ina sura 16. Soma sura mbili kila siku, siku nane utaimaliza. Kila unapoanza, sema tu, "Yesu, kama u hai, jionyeshe kwangu." Maswali yatakayokujia yaandike pembeni, uje nayo. Leta hata yale magumu.

Yesu anakupenda, kijana. Mlango uko wazi.

USIITUPE KARATASI HII. UKISHAISOMA, MPE MWENZAKO WA KIJIWENI.